Injini Kavu Isikughuri

Mpenzi wa magari ya mashindano akifunuliwa boneti, jambo la kwanza alifanyalo aghalabu ni kupitisha kidole kwenye maungio ya injini, na akikiona kidole kikavu humsifu fundi. Kwa injini ya kawaida ushahidi huo ni wa haki, kwa kuwa gesi ipenyayo kandokando ya ringi za pistoni hujaa tumboni mwa injini, ikayasukuma mafuta nje kila penye upenyo. Lakini injini iliyofungwa pampu ya vakyumu, ile izungushwayo kwa mkanda kutoka kwenye krenki ili iinyonye gesi hiyo na kuitapika katika kopo la kupumulia, haivuji kwa nje. Huvuja kwa ndani. Gasketi ikilegea, au kijiti cha kupimia mafuta kisipokaa sawasawa, halitoki hata tone, bali hewa huingia. Na hewa ya Bonde la Ufa, khasa wakati wa kiangazi, haiingii peke yake.

Waliopata kusimama kandokando ya njia za Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kurejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021 makao yake yakiwa Naivasha, wanalijua vumbi la Kedong, la Soysambu na la Elmenteita, ambalo madereva huliita fesh-fesh, na ambalo hukaa hewani muda mrefu baada ya gari kutoweka. Asili yake ni majivu ya volkano; na pale Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa udongo mweupe wa diatomaiti, uliofanyika kwa magamba ya silika ya vijimea vya ziwa la kale, ambao viwandani hutumiwa, pamoja na mengineyo, kung'arishia madini. Kitu kifaacho kung'arisha chuma hakishindwi kuyala mapanga yanayozunguka ndani ya pampu.

Kwa hiyo hukumu huanzia kwenye lile kopo, kabla ya kuigusa pampu yenyewe. Kabla halijamwagwa, chukua tone la mafuta yake kati ya kidole gumba na cha shahada, uyasugue polepole: yaliyo safi huteleza bila neno, na yenye vumbi hukwaruza, hata kama jicho halioni kitu. Yakiwa na rangi ya maziwa usifanye haraka kumlaumu fundi. Hayo aghalabu ni maji ya mvuke uliotonesheka ndani kwa sababu ya asubuhi za baridi na mizunguko mifupi ya injini isiyopata moto, na dawa yake ni kulimwaga kopo kila baada ya mbio. Kisha itafute vali ndogo ya kudhibiti unyonyaji. Vali hiyo hufunguka ombwe likizidi kiasi na kuiruhusu hewa ya nje kuingia, maana injini iwekayo mafuta yake katika sampu ya chini, ikinyonywa kupita mpaka, huzinyima pini za pistoni ule ukungu wa mafuta unaozilainisha. Ikiwa mdomo wa vali hauna chujio, au chujio limeziba kwa vumbi, basi hata pampu ingalisafishwa ikameta, katika nchi hii kazi hiyo ni bure. Mimi humpima fundi hapo, na wengi hawavuki.

Amma kusafisha kwenyewe, stadi hutambulikana kwa utaratibu wake. Huiacha injini ipoe, akaondoa waya wa betri na kuutoa mkanda kabla ya kupeleka mkono. Akifungua nyumba ya pampu, huyatia alama mapanga, kila moja na mwanya wake na upande wake, kwani yameshazoeana na ukuta yanaousugua. Huyaosha kwa mafuta ya taa, au kwa kile alichokiruhusu mtengenezaji, ndani ya karai lililowekwa mahali penye hewa, mbali na moto. Petroli haifai, ijapokuwa ndiyo iliyozoeleka, kwa sababu mvuke wake hutambaa chini hadi uikute cheche, na katika vibanda vya mafundi wa jua kali mchomaji vyuma hakosekani hatua chache kutoka hapo. Hatari zaidi ni ile dawa ya kusafishia breki iliyotiwa klorini: chuma kilichopuliziwa dawa hiyo kikipelekwa kwenye moto wa kuchomelea kabla hakijakauka, huweza kuzaa fosijini, gesi iliyoua askari katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918.

Ukimwona fundi anaizungusha pampu kwa upepo wa kompresa ili aisikie ikivuma, mzuie upesi, kwani mapanga makavu yaendayo kasi huukwaruza ukuta kwa muda mfupi mno. Na msasa usikaribie hapo kabisa. Nyumba ya pampu iliyopanguswa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, ikapakwa mafuta mepesi na kuzungushwa kwa mkono, huonyesha ukinzani mwororo ulio sawa mzunguko mzima, na mapanga yakidondoka moja moja husikika yakigonga kidogo. Lakini ukisikia mkwaruzo, wala si kule kugonga kidogo, ifunguliwe tena.

Baada ya hayo hufuata geji, na hapa ndipo wengi huonewa. Vitabu vya pampu huandikwa aghalabu kwa hewa ya usawa wa bahari, ambako ombwe kamili ni karibu inchi 30 za zebaki; Nakuru, iliyoinuka mita 1,850 hivi, hewa yote ni karibu inchi 24. Injini isiyo na turbo iliyokuwa ikisoma 15 Mombasa, yaani nusu ya hewa yote, itasoma karibu 12 Nakuru, na pampu yake ni nzima. Anayeamuru mapanga mapya kwa kuwa sindano haikufika 15 anakulipisha kwa ajili ya mlima. Iwapo inasoma 7 au 8, pampu isilaumiwe kabla ya kuthibitisha kwamba injini imezibwa: tia hewa kidogo sana ndani, injini ikiwa imezimwa, upake maji ya sabuni kwenye maungio yote, na penye povu ndipo vumbi linapoingilia.

Nduguye pampu hii ni ile iliyofungwa nyuma ya altaneta katika Land Cruiser za dizeli za zamani, zilizo nyingi hapa, ambayo huipa breki nguvu. Kabla ya kuuteremka mteremko wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, zima injini, ukanyage breki mara kadhaa hadi pedali iwe ngumu, kisha uishikilie na kuwasha: pedali isipozama kidogo chini ya mguu, usiteremke.