Misri Vitabuni: Kati ya Firauni na Mtaa wa Kairo

Msomaji wa Kiswahili huifikia Misri akiwa amekwisha kubeba hukumu. Katika lugha yetu, firauni si cheo cha mfalme tu. Ni jina la mtu mwovu, na ufirauni ni upotovu wa tabia. Kabla hatujafungua kitabu chochote cha historia, Biblia na Kurani zimetuweka upande wa Musa. Kisha tukaingia chuo kikuu, tukakutana na Nations nègres et culture (1954) cha Cheikh Anta Diop, na Firauni yule yule akageuka kuwa babu yetu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba namna hizo mbili za kusoma, ingawa zinapingana, zina upungufu mmoja: zote mbili zinamtafuta Firauni na kumsahau Mmisri.

Tuanze kwa kumpa Diop haki yake. Alipoandika, wataalamu wengi wa Ulaya walizoea kuitenga Misri na bara ambamo imo. Kuanzia tarehe 28 Januari hadi 3 Februari 1974, UNESCO iliitisha mkutano wa wataalamu mjini Kairo, na Diop akahudhuria pamoja na Théophile Obenga wa Kongo-Brazzaville. Taarifa ya mkutano huo, iliyochapishwa katika juzuu ya pili ya Historia Kuu ya Afrika (1981), inakiri kwamba hoja za wawili hao zilikuwa zimeandaliwa kwa uangalifu ambao wenzao hawakuufikia. Kuhusu asili ya watu wa Misri hawakuafikiana. Kuhusu lugha, hata hivyo, wengi walikubali kwamba Kimisri hakiwezi kutengwa na mazingira yake ya Kiafrika.

Hapo ndipo mwanaisimu anapopaswa kuwa mwangalifu. Katika semina yetu mwanafunzi mmoja alileta orodha ndefu ya maneno ya Kimisri cha kale, kila neno likiwa limewekwa karibu na neno la Kibantu linalofanana nalo. Darasa zima lilifurahi. Nilimwuliza swali moja: je, neno kitabu linafanya Kiswahili kiwe cha ukoo wa Kiarabu? Hapana. Neno ni la mkopo, lakini tunasema kitabu, vitabu; sarufi ya Kibantu imelimeza na kulipa ngeli. Kufanana kwa maneno peke yake, basi, si ushahidi wa undugu. Ushahidi ni ulinganifu wa sauti unaorudi kwa utaratibu. Mzungumzaji wa Kiswahili sanifu akisema vitabu, mwenyeji wa Lubumbashi husema bitabu. Yule akisema watu, huyu husema batu. Hiyo si bahati, ni kanuni, na kwa kanuni za namna hiyo Meinhof aliweza mwaka 1899 kuunda upya sauti za Kibantu cha awali.

Kimisri cha kale kina ugumu wa ziada: maandishi yake hayakuandika irabu. Mwenye konsonanti mbili tu mkononi atapata kwa urahisi neno la kufanana nazo katika lugha yoyote ya dunia. Kikopti, kilichoandikwa kwa herufi za Kigiriki, kinatusaidia kupata irabu, lakini ni hatua ya mwisho ya lugha hiyo, maelfu ya miaka baada ya piramidi. Zaidi ya hayo, Greenberg, katika uainishaji wake wa mwaka 1963, aliiweka lugha ya Misri katika ukoo mmoja na Kihausa, Kiberberi na Kiamhari. Je, hizo si lugha za Afrika? Misri haihitaji kuwa ya Kibantu ili iwe ya Kiafrika. Anayelazimisha undugu wa Kibantu, bila kujua, anadhania kwamba Afrika ni sisi peke yetu.

Sasa tugeukie vitabu ambavyo wanafunzi wetu hawaviazimi. Naguib Mahfouz, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1988, alianza kwa riwaya tatu za wakati wa mafarao, zilizotoka mwaka 1939, 1943 na 1944. Misri ya ujana wake ilikuwa chini ya kivuli cha Waingereza, na tangu kaburi la Tutankhamun lilipogunduliwa mwaka 1922, farao alikuwa fahari ya taifa, kama alivyo fahari yetu. Kisha Mahfouz akamwacha farao, akaingia mtaani. Katika riwaya zake tatu za Kairo (1956–1957) tunamkuta Amina, mke asiyetoka nyumbani kwa miaka ishirini na mitano isipokuwa kwenda kwa mama yake, tena akiongozwa na mumewe. Siku mume yuko safarini, anakwenda kuzuru msikiti wa Al-Husayn. Anagongwa na gari, na baada ya kupona anafukuzwa. Udhalimu, kumbe, haukai katika jumba la mfalme tu. Unakaa pia sebuleni.

Tena waandishi hao wa Misri wana tatizo tunalolijua. Mahfouz aliandika hata mazungumzo ya wauza duka kwa Kiarabu sanifu. Yusuf Idris aliwaachia wahusika wake lugha ya mtaani. Tawfiq al-Hakim, mwaka 1956, alijaribu kuandika tamthilia kwa lugha ya tatu, inayoweza kusomwa kama sanifu na kutamkwa kama ya mtaani. Sisi tuandikao vitabu na kuzungumza bitabu tungejifunza mengi kwao. Kwa bahati mbaya tunawasoma kwa Kifaransa, ambamo tofauti hiyo yote hupotea, na kitabu kinatufikia kana kwamba Kairo nzima inazungumza lugha moja.

Sisemi tumwache Diop. Nasema mwalimu anayemfundisha Diop amfundishe na Mahfouz, na wanaosoma Kiarabu miongoni mwetu waanze kututafsiria angalau mazungumzo machache, tuone Kiswahili kipi kitayabeba. Yule mwanafunzi nilimrudishia orodha yake. Nilimwomba aongeze safu moja, ya kanuni za sauti, na afute kila neno litakaloiacha safu hiyo tupu. Bado analifanyia kazi ombi hilo, na orodha inazidi kuwa fupi.