Ngama si Sakafu

Tumeletewa tafsiri ya mwongozo unaomfundisha mwenye mashua kujigeuzia jiko la chombo: kung'oa jiko la mafuta ya taa, kuweka la gesi, na kutandaza nyaya za taa na pampu. Kiswahili chake ni safi, wala mfasiri hakukimbilia kutohoa kila neno. Hata hivyo yako mawili tusiyoweza kuyapitisha, kwa kuwa kosa lake si la ufasaha tu.

La kwanza ni "sakafu". Fundi anaagizwa ahakikishe kuwa "sakafu" haina gesi kabla ya kuwasha kiberiti. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka, hupenya baina ya mbao, ikatuama chini kabisa ya chombo, pale maji machafu yanapokusanyika. Nyumbani ingetokea mlangoni; chomboni haina mlango wa kutokea. Mahali hapo pana jina, nalo ni ngama. Mabaharia wa pwani walikuwa nalo kabla gesi haijaletwa. Msomaji aliyeambiwa "sakafu" atanusa juu ya mbao, asisikie harufu, awashe. Hata cheche ya swichi ya pampu yatosha.

La pili ni "ardhi". Katika nyumba, waya wa ardhi huishia kwenye chuma kilichofukiwa udongoni, na jina lake halina ubishi. Lakini katika umeme wa betri ya volti 12, matini ya asili (ya Kimarekani, kwa dalili zote) huuita hivyo hivyo waya wa hasi, urudishao mkondo kwenye betri. Mfasiri amefuata neno, akaiacha kazi ya kitu. Fundi aliyezoea nyumba atadhani ni waya wa tahadhari tu, naye atauchagua mwembamba. Ilhali kifaa cha wati 240, ambacho kwa volti 240 huvuta ampea 1, kwa volti 12 huvuta ampea 20, na zote hurudi kwa waya huo. Fyuzi haitamwokoa, maana imepimwa kwa waya mnene wa chanya. Twapendekeza "waya wa hasi".

Fyuzi, swichi na pampu tumeziacha zilivyo. Yuko aliyetaka "kikatizo" badala ya fyuzi, akakiulizie dukani.

Jedwali la istilahi limerudishwa kwa mfasiri, pamoja na ombi kwamba alipitie akiwa na fundi wa mashua, si na kamusi peke yake.