Ugonjwa Usioonekana Jukwaani: Kumsoma Sara katika Bembea ya Maisha

Mwalimu akiuliza darasani Sara anasumbuliwa na nini katika tamthilia ya Bembea ya Maisha ya Timothy Arege, jibu huja upesi: anaugua moyo. Akiuliza ugonjwa huo una kazi gani katika tamthilia, jibu huja upesi vile vile: unaonyesha madhara ya dhuluma za Yona. Wanafunzi huandika hoja hiyo daftarini na somo likasonga mbele. Jibu hilo si la uongo. Hata hivyo, linamfanya Sara kuwa kielelezo cha makosa ya mtu mwingine, na kumnyima nafasi ya kuwa mtu anayeishi na maradhi siku baada ya siku. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba kuishi huko ndiko kiini cha mchango wa Arege, na kwamba mtahiniwa anayekuona atajibu maswali ya wahusika, maudhui na mbinu kwa kina zaidi.

Tatizo la jukwaa

Tamthilia ni sanaa ya kuonwa na kusikizwa. Jeraha hufungwa bendeji, kilema huonekana katika mwendo, na mlevi hupepesuka. Moyo mgonjwa hauna alama hizo. Mwigizaji wa Sara husema kwa akili timamu, hukumbuka yaliyopita na kumjibu mumewe hoja kwa hoja. Mtazamaji aliyeketi nyuma kabisa ukumbini atajuaje kwamba mtu huyu ni mgonjwa?

Arege anatatua tatizo hili kwa kuuhamisha ugonjwa kutoka mwilini hadi jikoni. Tunaujua ugonjwa wa Sara kutokana na kazi isiyofanyika. Chakula hakijaiva. Jirani yake, Dina, ndiye anayekuja kumshika mkono. Yona anarudi nyumbani akitarajia kula, na swali lake la kwanza linahusu chakula. Jiko basi si mandhari tu. Ni kipimo cha afya ambacho nyumba hiyo inakitumia: mke anayepika ni mzima, na asiyepika lazima ajieleze. Mwanafunzi anayetaja jiko kama mandhari ya kawaida ya kijijini atakuwa ameikosa mbinu kuu ya mwandishi.

Hapo ndipo tunapoona kinaya kinachostahili kufafanuliwa darasani. Yona alikuwa mwalimu, akapoteza kazi kwa sababu ya ulevi. Udhaifu wake unaonekana kwa macho, na hakuna anayemdai ushahidi. Sara, ambaye udhaifu wake umo kifuani, ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Anayeonekana kuyumba anadai kuhudumiwa, naye anayeonekana kusimama wima anadaiwa huduma.

Mwili unaodaiwa ushahidi

Tukirudi nyuma katika maisha ya Sara, tunagundua kwamba hii si mara ya kwanza kwake kudaiwa. Katika miaka ya mwanzo ya ndoa hakupata mtoto, na jamii ikasema. Alipowazaa mabinti, Neema, Asna na Salome, jamii ikasema tena kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kiume. Yona alishindwa kustahimili masimango hayo, akakimbilia pombe na kumpiga mkewe. Kwa hiyo kuna mfuatano: mwili wa Sara ulidaiwa mtoto, ukadaiwa mwana wa kiume, na sasa unadaiwa chakula mezani. Wanaodai hubadilika, lakini dai halibadiliki. Mwanamke huyu hapimwi kwa anavyojisikia bali kwa anachotoa.

Msomaji anayeuona mfuatano huu hatasema tu kwamba dhuluma zilisababisha ugonjwa. Atasema kwamba dhuluma na kutoaminiwa kwa mgonjwa vina mzizi mmoja. Hoja hii ni nzito zaidi, kwa sababu inaunganisha yaliyosimuliwa kwa mbinu rejeshi na yanayotendeka mbele yetu jukwaani.

Ni muhimu pia mwalimu atahadhari asiwafundishe wanafunzi biolojia isiyo sahihi kwa jina la fasihi. Maradhi ya moyo yana sababu nyingi. Shinikizo la damu huweza kumkaa mtu kwa miaka bila dalili yoyote. Homa ya baridi yabisi ya utotoni, itokanayo na maambukizi ya koo, huweza kuharibu vali za moyo na madhara yake yakajitokeza ukubwani. Huzuni na kipigo ni mzigo halisi kwa mwili, lakini si kila mgonjwa wa moyo ana Yona nyumbani. Tamthilia inatoa kisa cha Sara, haitoi kanuni.

Mahali pa kulala

Neema anapomleta mama yake mjini kwa matibabu, tunaingia katika ngazi ya pili ya maisha na ugonjwa. Hospitalini, kwa mara ya kwanza, Sara hatakiwi kujithibitisha. Daktari ana vipimo na ana jina la tatizo. Lakini mgonjwa wa maradhi ya kudumu hakai hospitalini. Hutoka, akahitaji mahali pa kuegesha kichwa, chakula kinachomfaa na mtu wa kumkumbusha dawa. Hapo Bunju, mume wa Neema, anasimamisha mila: haifai mama mkwe kulala kwa mkwewe.

Wanafunzi wengi hutaja tukio hili chini ya maudhui ya mila na desturi au ubahili wa Bunju. Ni sawa. Hata hivyo, mtahiniwa mzuri aongeze kuwa mila hiyo inakuwa kali kwa sababu ugonjwa hauonekani. Ni vigumu kumfukuza mtu aliyebebwa kwa machela. Ni rahisi kumwambia mtu anayetembea kwamba atafute malazi kwingine. Neema, kwa upande wake, anabeba mzigo wa binti anayetibu mzazi huku akilinda ndoa na kazi. Ugonjwa wa mtu mmoja umekuwa ratiba ya nyumba mbili.

Kwetu hapa Eldoret, suala hili si la vitabuni tu. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hupokea wagonjwa kutoka Uasin Gishu, Elgeyo Marakwet, Nandi, Pokot Magharibi, Turkana na kwingineko. Wengi huja kliniki na kuondoka siku iyo hiyo, wakitembea miongoni mwa watu wasiowajua kuwa ni wagonjwa. Mji huu, uliotangazwa jiji mwaka wa 2024, unasifika ulimwenguni kwa wanariadha wake. Tumezoea kuisoma afya kwa miguu inayokimbia. Tamthilia ya Arege inatufunza kwamba mtu anaweza kusimama kwenye foleni ya matatu akiwa ameshamaliza nguvu zake zote za siku.

Otii na Sara

Ulinganisho mmoja utasaidia. Katika hadithi fupi ya Ken Walibora, “Nizikeni Papa Hapa”, iliyomo katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, Otii ni mtu aliyekuwa na mwili wa kusifika, ambaye UKIMWI unamkondesha hadi mifupa. Ugonjwa wake unasomeka mwilini kama maandishi ukutani. Hakuna anayeuliza kama kweli anaumwa. Kinachopuuzwa ni wasia wake kuhusu mahali pa kuzikwa.

Kazi nyingi za Kiswahili kuhusu UKIMWI zilifuata mkondo huo: mwili unaonekana, unanyauka, mhusika anafariki na funzo linatolewa. Mkondo huo ulieleweka katika nyakati zake, kwani Kenya ilitangaza UKIMWI kuwa janga la kitaifa mwaka wa 1999. Lakini hali ilibadilika. Mpango wa AMPATH ulioanza hapa Eldoret mwaka wa 2001, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, hospitali ya rufaa na vyuo vikuu vya Marekani, ni miongoni mwa juhudi zilizowafikishia watu dawa za kupunguza makali ya virusi. Anayemeza dawa hizo ipasavyo hufanya kazi, hulea watoto na kuzeeka. Maradhi yaliyokuwa yakionekana yamekuwa ya kudumu na yasiyoonekana. Fasihi yetu bado haijawaandika vya kutosha watu hawa ambao hawafi katika ukurasa wa mwisho. Kwa kumchora Sara, mgonjwa ambaye hadithi yake ni ya kuishi na si ya kufa, Arege amefungua mlango ambao waandishi wengine hawana budi kuupitia.

Kasoro

Uhakiki si kusifu tu. Mabadiliko ya Yona ni mazuri kimaadili, kwani anaanza kuuona uzito wa kazi aliyoiona ya mke pekee. Hata hivyo, tunaweza kuuliza: je, ugonjwa wa Sara haukugeuzwa kuwa chombo cha kumrekebisha mume? Kadiri Yona anavyosonga mbele kimaadili, ndivyo macho yetu yanavyomwelekea yeye. Tungependa kumsikia Sara zaidi akieleza siku yake ilivyo: anachagua kazi ipi na kuiacha ipi, anamwambia nani ukweli, anamficha nani. Pili, wokovu wa Sara umeegemea binti mwenye kazi. Tamthilia haijibu mgonjwa asiye na Neema afanyeje.

Wapo watakaotetea kwamba tamthilia ina mipaka yake ya muda na kwamba mabadiliko ya Yona ndiyo tiba halisi, kwa kuwa mgonjwa haponi peke yake katika nyumba isiyobadilika. Utetezi huo una nguvu. Mtahiniwa anaweza kuchagua upande wowote, mradi atoe ushahidi wa kitabuni.

Darasani

Methali inayotajwa mara nyingi katika mada hii ni mficha maradhi kifo humuumbua. Walimu, tuitumie kwa uangalifu. Methali hiyo inamlaumu mgonjwa, kana kwamba kila ugonjwa usioonekana umefichwa. Sara hajaficha chochote; waliomzunguka ndio wasioona. Inayomfaa zaidi ni kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Jambo hili linatuhusu sisi wenyewe. Katika darasa la wanafunzi hamsini huenda yumo mwenye selimundu, kisukari, kifafa, pumu au vidonda vya tumbo. Jana alicheza uwanjani. Leo amelaza kichwa juu ya dawati. Neno “anajifanya” hutoka kinywani kwa wepesi. Mwalimu aliyefundisha onyesho la Yona akidai chakula, akawaonyesha wanafunzi ukatili uliomo, kisha akatamka neno hilo katika kipindi kinachofuata, amefundisha kitabu bila kukisoma.

Maswali ya marudio

1. “Jiko ni mhusika katika Bembea ya Maisha.” Jadili kwa kurejelea ugonjwa wa Sara. (alama 20)

2. Eleza jinsi mbinu ya kinaya inavyojitokeza katika uhusiano wa Sara na Yona. (alama 8)

3. Linganisha usawiri wa mgonjwa katika “Nizikeni Papa Hapa” na Bembea ya Maisha. (zoezi la majadiliano ya vikundi)