Nahau Zilizozaliwa Jukwaani: Shakespeare na Mipaka ya Fasili ya Kamusi

Kamusi huziwasilisha nahau za Kiingereza kwa jozi: usemi upande mmoja, maana upande wa pili. Utaratibu huo humfaa anayejifunza lugha, lakini humponza mhakiki wa tafsiri. Makala haya yanadai kwamba katika tamthilia za Shakespeare, zilikochipukia au kupata umaarufu baadhi ya nahau hizo, maana ya msingi na ya kitamathali hufanya kazi pamoja.

Tuanze na usemi unaolifananisha jambo lisiloeleweka na Kigiriki. Kamusi hutosheka kueleza kuwa msemaji hakuelewa. Katika Julius Caesar, hata hivyo, Casca anasimulia maneno ya Cicero, ambaye kweli alizungumza Kigiriki: walioelewa walitabasamu na kutikisa vichwa, yeye hakuambulia kitu. Je, ni kweli? Mara anapoondoka, Cassius anasema kuwa uzito huo wa akili ni wa kujitia. Plutarch, ambaye Shakespeare alimtegemea, anamwonyesha Casca akimwita nduguye kwa Kigiriki siku ya mauaji. Mfasiri akiandika tu kwamba Casca alitoka kapa, atakuwa amehifadhi maana ya kamusi na kufuta shaka hiyo. Kigiriki lazima kibaki.

Ratili ya nyama ya Shylock inadai uangalifu mkubwa zaidi. Leo nahau hiyo humaanisha kudai haki bila huruma. Katika The Merchant of Venice nyama ni nyama: Portia anamwokoa Antonio kwa kushikilia kwamba mkataba umetaja nyama, haukutaja damu. Nahau mbadala ya Kiswahili, hata iwe tamu namna gani, ingeivunja kesi yenyewe.

Hata hivyo, kisawe cha Kiswahili si kosa kila mara. Hamlet anapomfikiria fundi wa baruti anayerushwa na baruti yake mwenyewe, methali "mchimba kisima huingia mwenyewe" hupoteza mlipuko. Lakini Hamlet anaendelea kusema kwamba atachimba yadi moja chini ya mahandaki ya maadui zake. Methali yetu, kwa hiyo, inaiwahi taswira inayofuata.

Mwalimu Nyerere aliitafsiri Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, mwaka uleule ilipotoka Mabepari wa Venisi. Kazi hizi hazitendewi haki zinapohakikiwa kwa orodha ya nahau "zilizopatiwa" na "zilizokosewa". Ulinganifu wa maana ya kamusi ni hatua ya kwanza tu. Swali la msingi ni usemi unatenda nini katika onyesho: unaficha, unahukumu, au unatega? Mhakiki asiyeuliza hivyo anaweza kuisifu tafsiri iliyoua tamthilia, na kuilaumu iliyoihuisha.