Dakika Hamsini za Ukimya: Jinsi Muziki wa Minecraft Ulivyowakaa Wasikilizaji Moyoni

Wapenzi wa gemu wanapozungumzia muziki wa Minecraft, kuna ushuhuda unaojirudia kuliko mwingine wowote. Mtu mzima, mwenye kazi na familia, anasikia noti chache za kipande kiitwacho "Sweden" na koo linamkaba. Wengi wa hao hao, walipokuwa wakicheza utotoni, hawakuwa wakiusikiliza muziki huo. Hawakujua majina ya vipande, na wapo waliocheza kwa muda mrefu wakiamini kwamba gemu haina muziki kabisa. Muziki ambao haukutiliwa maanani uliingiaje ndani kiasi hicho? Uzuri wa tuni ni sehemu tu ya jibu. Sehemu kubwa zaidi, kwa maoni yangu, imo katika namna gemu ilivyopangwa kuugawa muziki huo kwa mchezaji.

Mtunzi wake ni Daniel Rosenfeld, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1989 huko Karl-Marx-Stadt, mji ambao leo unaitwa Chemnitz. Jina lake la kisanii ni C418. Alifahamiana kupitia intaneti na Markus Persson, Mswidi aliyeibuni Minecraft, wakati gemu ilikuwa bado kazi ya mtu mmoja na toleo lake la kwanza la hadhara, la mwaka 2009, lilikuwa changa. Rosenfeld hakuwa na orkestra wala kampuni ya kumsimamia. Alifanya kazi kwa kompyuta na programu ya Ableton Live, akatengeneza muziki na pia milio ya gemu yenyewe. Albamu ya kwanza, *Minecraft – Volume Alpha*, aliitoa mwenyewe Machi 2011, ikiwa na vipande 24 vyenye urefu wa karibu saa moja. Gemu kamili ilitoka Novemba mwaka huohuo.

Katika matoleo hayo ya awali, vipande vilivyopigwa mchezaji akiwa ndani ya dunia ya gemu vilikuwa 12 tu. Vingi havizidi dakika nne, na kifupi kabisa kina dakika moja na sekunde chache. Kipande kikiisha, programu ilisubiri muda wa kubahatisha, kati ya dakika 10 na 20, ndipo ikachagua kingine, nacho kwa kubahatisha. Ukipiga hesabu, mchezaji alipata vipande vitatu hivi kwa saa, yaani dakika kumi za muziki. Dakika hamsini zilizobaki alisikia hatua zake mwenyewe, sururu ikigonga jiwe, mvua, na ng'ombe wakilia malishoni.

Gemu nyingi hufanya kinyume. Muziki hupigwa mfululizo, na kila eneo au adui ana tuni yake. Kwa utaratibu huo sikio huzoea na kuchoka, au tuni huambatana na jambo moja tu ambalo mtunzi alikwisha kuliamua: hapa pana hatari, hapa pana ushindi. Vipande 12 vya Rosenfeld havikujua mchezaji yuko wapi wala anafanya nini. Siku ya Minecraft ina dakika 20, lakini muziki haukufuata alfajiri wala machweo. Uliweza kuanza mtu akiwa kileleni mwa mlima, akivuna ngano, au akiwa ndiyo kwanza ameipoteza nyumba yake kwa moto. Kwa hiyo maana ya kipande ilitokana na alichokuwa akikifanya mchezaji wakati huo. Watu wawili waliosikia "Sweden" kila mmoja kwake walibaki na kumbukumbu mbili tofauti, na kila mmoja akaamini kwamba kipande kilipigwa kwa ajili yake.

Utunzi nao ulikubaliana na utaratibu huo. "Wet Hands" kina dakika moja na nusu. Mkono mmoja wa piano unapanda noti moja moja, unashuka, unarudia, na tuni nyembamba inakaa juu yake. Hakuna ngoma. Mtu anayejifunza piano anaweza kukishika bila taabu kubwa, na ndiyo maana wachezaji wengi wamekifanya kipande chao cha kwanza. "Sweden" kinaanza kwa utulivu huo huo, kikizungusha noti chache zinazopigwa pamoja kwa mwendo wa polepole. Kisha sauti pana mithili ya nyuzi inaingia chini yake, inafura kidogo kidogo, inafika kilele kisicho na kishindo, halafu inajiondoa. Kipande hakitangazi mwisho wake. Mchezaji anagundua baadaye tu kwamba muziki umekwisha, na mara nyingi hakumbuki ulianza lini.

Jambo la pili ni chaguo la sauti. Minecraft ni dunia ya mapande ya mraba yenye picha za kizamani kwa makusudi, na mtunzi mwingine angeipa milio ya gemu za miaka ya 1980. Rosenfeld alichanganya piano yenye mwangwi na sintesaiza laini, sauti zinazosikika kama zimetoka katika chumba cha mtu. Macho yaliona mraba, masikio yakapewa ulaini. Asili ya mbinu hii ni ya zamani: Erik Satie alitunga nchini Ufaransa muziki wa kukaa chumbani kama samani, na Brian Eno wa Uingereza akatoa albamu yake ya muziki wa viwanja vya ndege mwaka 1978. Wote wawili walitaka muziki unaoweza kupuuzwa bila kuharibika. Minecraft iliongeza kitu ambacho santuri haiwezi kukifanya: kumnyima msikilizaji uwezo wa kujua muziki utakuja lini.

Ukimya huo ulizaa pia hofu, na hili husahaulika. Kwa sababu hakukuwa na muziki wa kumfunika, mchezaji aliyekaribia mapango yenye giza alisikia ghafla mngurumo au mlio usioelezeka, na wengi waliamini kuna kitu nyuma yao. Mtu aliyetoka salama pangoni akakuta piano inaanza alipata faraja ambayo hakuna mtunzi aliyeipanga. Ukimya mmoja ulifanya kazi mbili.

Wapo watakaopinga kwamba haya yote ni utoto tu. Watoto wa miaka minane wangelipenda lolote lililopigwa, na leo wanaulilia umri wao. Hoja hii ina uzito, kwani umri unaeleza nguvu ya hisia. Hauelezi kwa nini hisia inaamshwa na muziki usiokuwa na maneno wala mapigo, uliosikika kwa dakika chache tu kila saa. Uhaba ndio uliouhifadhi. Katika taarab, msikilizaji aliyeguswa huinuka papo hapo akamtunza mwimbaji mbele za watu. Hapa guso lilikaa miaka kumi kabla ya kupata mahali pa kutolewa.

Tunaweza kuipima hoja ya uhaba kwa matukio ya baadaye. Mwaka 2013 Rosenfeld aliongeza vipande vipya na kutoa *Volume Beta*, ndefu zaidi ya saa mbili. Baadhi ya vipande hivyo viliwekwa kwa wanaojenga bila kupambana na njaa wala maadui, na kwao muda wa kusubiri ulikuwa dakika moja hadi tatu tu. "Aria Math", chenye mapigo yanayosukuma, ni cha kundi hilo. Wanaokipenda hukisifu kama kipande kizuri cha kusikiliza chenyewe, wakati wanaokipenda "Sweden" hueleza walikuwa wapi na nani. Namna ya kugawa muziki ilibadilisha hata namna ya kuusifu.

Mwaka 2020, baada ya Microsoft kuinunua Mojang, kampuni ya Minecraft, mwaka 2014 na haki za muziki wa mwanzo kubaki kwa Rosenfeld, mtunzi Lena Raine alileta vipande vipya kwa eneo la chini la moto liitwalo Nether. Baadhi ya wachezaji wa zamani walilalamika kwamba hii si Minecraft yao. Mimi naona kazi yake ni ya kiwango cha juu, na kipande chake "Pigstep" kilipendwa tangu kilipotoka. Lawama zile hazikuhusu ubora. Sikio la zamani lilikuwa na miaka ya dakika za ukimya zilizoizunguka piano ile, na kipande kipya hakina njia ya kupewa miaka hiyo kwa siku moja.

Mwaka 2025 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza *Volume Alpha* katika orodha ya taifa ya rekodi za sauti zinazostahili kuhifadhiwa. Mwaka huohuo gemu iliongezewa uwezo wa kuonyesha jina la kipande kinachopigwa na wa kuchagua muziki uje mara kwa mara au mfululizo. Ni heshima kwa watunzi kutajwa, na naifurahia. Lakini mchezaji mpya anayechagua mfululizo anapata albamu nzuri, na anakosa kile kilichoifanya ipendwe.

Funzo kwa mtunzi yeyote wa kujitegemea anayeombwa muziki wa gemu liko wazi. Kabla ya kukabidhi faili zake, akae na mwandishi wa programu waamue pamoja kipande kitaanza lini, kitasubiri muda gani, na kitanyamaza wapi. Uamuzi huo ni sehemu ya utunzi sawasawa na noti, na unastahili kuandikwa katika mkataba pamoja nazo.