Fahari ya Mtandika Vitanda

Bandari kongwe hazina budi kuzaa hoteli kubwa, kwa kuwa msafiri aliyeshuka chomboni na chumvi mwilini, na mawimbi yangali yakimzungusha kichwani, hutaka kwanza mahali pa kulala, ndipo baadaye aulize habari za mji. Yokohama, iliyofunguliwa kwa biashara ya wageni mwaka 1859 na kubomolewa na zilzala ya mwaka 1923, haikukawia kuinua Hoteli New Grand, iliyoanza kupokea watu mwaka 1927. Mombasa yetu ilikuwa na wageni zamani kabla ya kuwa na hoteli. Manahodha na wafanyabiashara waliokuja na pepo za kaskazi walilazimika kungoja kusi ivume iwarejeshe makwao, na katika miezi hiyo ya kungoja walihitaji malazi, maji ya kuoga, na mwenyeji mwenye subira. Kwa hiyo desturi ya kufukiza udi chumbani kabla mgeni hajakanyaga kizingiti, na ya kutandika shuka iliyonyoshwa na kurashiwa marashi, haikuletwa na watalii, watalii waliikuta.

Hoteli za anasa hazikuridhika na kisiwa, zilivuka maji zikaifuata pwani ya bara. Nyali Beach ilifunguliwa mwaka 1946, wakati daraja la Nyali lilikuwa lile la kuelea la mwaka 1931, na mwananchi wa zama zile aliingia hotelini kwa mlango wa jikoni, akaitwa boi hata kama ana wajukuu. Severin ilifuata Bamburi mwaka 1972. Daraja la sasa, lililokamilika mwaka 1980 kwa msaada wa Japani, likaifanya safari ya kutoka mjini kuwa jambo la dakika chache. Huko Shanzu, Serena ilijengwa kwa mfano wa mji wa Waswahili wa kale, wenye vichochoro, mabaraza na milango ya nakshi, hata mwenyeji wa Lamu anaweza kutembea humo akidhani amepotea kwao.

Wanaosifu hoteli hizi husifu bahari, ambayo hakuna aliyeiumba miongoni mwao, au husifu jengo, au kamba wa kuchoma. Mimi nimelala katika hoteli moja ya pwani hiyo, na sifa zangu nazipeleka kwa mtu ambaye wageni wengi huondoka bila kumjua hata kwa sura: mtandika vitanda.

Nilipata kumtazama mmoja wao akiwa kazini, mtu mzima wa Kisauni, mwembamba, mwenye kofia ya kazi aliyoivaa kwa adabu ileile ya kofia ya kito. Nilimwomba ruhusa nibaki kitini roshanini, naye akaniambia, "Kaa, mwanangu, bora usinivukie njia." Alianza kwa kufungua madirisha. Kisha akavua shuka chafu akizikunja kwa ndani, ili uchafu wa usiku usiguse chochote, akazitia kwenye toroli mlangoni. Godoro likiwa tupu, alilipitishia kiganja chote, kama tabibu anayetafuta mahali penye maumivu, na baada ya hapo ndipo shuka ya chini ikarushwa hewani mara moja tu, ikatua imenyoka.

Ustadi wenyewe umo katika pembe. Huinua pindo la shuka kiasi cha dhiraa moja kutoka miguuni, akalilaza juu ya godoro likafanya pembetatu. Kilichobaki kikining'inia hukichomeka chini. Kisha huishusha ile pembetatu na kuichomeka nayo, na pembe ikakaza hata ungedhani imeshonwa na fundi. Shuka ya juu huitandaza upande wake mzuri ukiwa chini, jambo lililonishangaza mpaka alipoikunja juu ya blanketi, upande wa tarizi ukajitokeza pale panapostahili, karibu na uso wa mlalaji. Hakuzunguka kitanda ovyo. Alimaliza upande wa kulia wote, toka kichwani hata miguuni, ndipo akahamia wa kushoto.

"Kitanda ni kazi ya miguu, si ya mikono," alisema pasipo kuulizwa. "Mtu akizunguka mara tano kwa kila kimoja, adhuhuri hajafika nusu ya vyumba, na magoti yamekwisha."

Ni kweli, kwani vyumba vyake kwa siku ni kumi na vitu. Na ufukweni kazi hii ina maadui ambao hoteli ya Nairobi haiwajui. Upepo wa chumvi hufifiza kioo kilichofutwa asubuhi, huozesha bawaba na kuifanya shuka iliyokauka vizuri kuwa na ubaridi wa unyevu ifikapo jioni. Mchanga huingia hamamuni kwa nyayo za wageni na kuziba mifereji. Chandarua hukunjwa mchana na kushushwa magharibi, tena lazima kiangaliwe tundu kwa tundu, kwa maana mbu mmoja wa Kisauni anatosha kubatilisha fahari yote ya marumaru. Tumbili nao, mlango wa roshani ukisahauliwa wazi, huja kwa sukari ya chai, wala hawaondoki bila kuacha athari. Yote haya yanashindwa kila siku, na kila siku yanarudi. Dari hufutwa kabla ya meza, meza kabla ya sakafu, na dekio huvutwa kinyumenyume hadi mlangoni, ili unyayo wa mwisho ubaki nje.

Kuna jambo moja katika kazi hii nisilolipenda, nalo ni mtindo wa kufinyanga mataulo yawe bata bukini au tembo na kuyakalisha kitandani. Najua wageni hupiga picha. Lakini taulo ni la kujifutia, na mtu aliyejua kuikaza pembe ile hahitaji kuthibitisha chochote kwa shingo ya bukini.

Mafundi hawa wengi hawaishi karibu na wanapofanya kazi. Wamo Mishomoroni, wamo Changamwe, wamo Likoni, na hawa wa Likoni huamka kabla ya adhana ya alfajiri, wavuke kwa feri, ambayo imekuwa ikifanya kazi mlangoni pa Kilindini tangu mwaka 1937 na humvusha mtembea kwa miguu bila nauli, kisha wagombanie matatu hadi Bamburi. Riziki yao huenda na misimu kama ile ya manahodha wa zamani: kusi ikianza na mvua ya masika, vyumba hubaki vitupu, na wa kibarua ndio wa kwanza kuambiwa wapumzike. Kisha kuna misimu isiyo ya upepo. Baada ya machafuko ya Likoni ya Agosti 1997, na tena Mei 2014 kampuni za Uingereza zilipowaondoa wateja wao, na mwaka 2020 ndege zilipokoma kabisa, mikono hii mahiri ilikaa bure. Wengine wakakaanga viazi karai kando ya barabara, wengine wakarudi shambani Rabai na Kwale. Nakiri kuwa sijaona waliozisimamia hoteli wakitaja hasara hiyo, ijapokuwa vitanda vilivyopotelewa na fundi wao hujulikana hata gizani kwa mguu unaojikuta nje ya shuka.

Nilimuuliza yule mzee ikiwa yupo atakayerithi maarifa yake. Akasema mwanawe alijifunza kwake, kwanza kwa kitanda cha kamba nyumbani, na sasa yuko Dubai, hotelini, kwenye jengo refu ambalo baba hajaliona ila kwa simu. Kijana humpelekea picha za vyumba alivyovimaliza. Juzi alimletea moja ya kifahari mno, dirisha lote bahari, naye akaikuza kwa vidole, akaitazama kitambo, akamjibu kwamba mdomo wa foronya umeelekea mlangoni, na mgeni anayeingia hapaswi kuanza kwa kuona tumbo la mto.