Mita Saba za Lami

Kutoka Nairobi hadi Garissa ni kilomita kama 370, na baada ya Mwingi barabara kuu ya A3 hunyooka katikati ya nyika hadi Madogo. Dereva aliyekwisha kuzoea kasi ya barabara hiyo, akishuka hadi kilomita 60 kwa saa huona anatambaa. Kizuizi cha polisi kwenye daraja la Tana humpunguza mwendo, ingawa hakikuwekwa kwa ajili ya mama anayetoka sokoni. Akishavuka mto anakutana na bajaji, mikokoteni ya punda, mbuzi, na watoto wanaokwenda dugsi, yaani chuo cha Kurani. Mahali kama hapo ndipo inapohitajika kazi ya wahandisi na wapangaji miji vijana, kazi ambayo ikifanywa vizuri hakuna anayeiona.

Mhitimu wa uhandisi Kenya hufanya kazi miaka isiyopungua mitatu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Kwa hiyo sahihi kwenye mchoro huwa ya mkubwa wake. Kinachomwangukia kijana ni kusimama juani na kuhesabu: wangapi wanavuka, wapi, saa ngapi, wakiwa wamebeba nini. Wengi huiona kazi hii ya chini. Kwangu mimi ndiyo ufundi wenyewe.

Hapa Garissa ina neema ambayo Nairobi haina: mchanga. Kando ya lami, nyayo huonyesha kila asubuhi watu walikoamua kupita. Kijana aliyekulia kwa wafugaji, ambako kumfuata ngamia aliyepotea kwa nyayo zake ni elimu ya kawaida, anazisoma nyayo hizo bila kufundishwa. Fundi mbaya huchora kivuko cha pundamilia mita mia mbili kutoka hapo kwa sababu ramani imempendeza, kisha hulaumu wananchi kwa ukaidi. Nani atazunguka mita mia mbili na mtoto mgongoni, jua la Garissa likiwa nyuzi 37? Fundi mwema huziacha nyayo zichague mahali, ndipo atoe utepe wa kupimia.

Tuseme lami ina upana wa mita 7. Mtu mzima mwenye afya hutembea kama mita 1.2 kwa sekunde, basi anahitaji karibu sekunde sita kuvuka. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kiwango cha juu mijini kwa sheria ya Kenya, hukata zaidi ya mita 80 katika muda huo. Mzee wa bakora anahitaji nafasi kubwa kuliko hiyo. Jenga kisiwa kidogo cha zege katikati, naye anavuka nusu, anapumzika, anatazama upande mmoja tu, kisha anamalizia. Tena kasi ikishuka hadi 30, dereva mwenye breki nzuri husimama ndani ya mita kama 18. Kwa 50 angehitaji karibu mara mbili ya hizo. Hesabu hizi ni za darasani. Kinachonivutia ni kuona mtu akizigeuza kuwa zege, kokoto na rangi.

Tuta nalo lina adabu zake. Lile la mviringo linalojulikana duniani tangu miaka ya 1970 lina urefu wa mita 3.7 na kimo kisichozidi sentimita 10. Likijengwa hivyo, dereva wa kilomita 30 hulipanda bila kero, na wa 60 hujuta. Linganisha na matuta ambayo wanakijiji hurundika usiku baada ya mtoto kugongwa. Uchungu wao naufahamu, lakini tuta fupi, refu kwenda juu na lisilo na rangi humwangusha bodaboda gizani na kumtesa mgonjwa ndani ya ambulensi. Katika mji ambao mafuriko ya 2023 na 2024 yalikata barabara yake pale Kona Punda, fundi lazima pia aache nafasi pembeni ili maji yafike mtaroni.

Halafu kuna karatasi. Barabara kuu ni ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, baadhi ya za mijini ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, na tangu ugatuzi wa 2013 kaunti ina zake. Barua ikienda ofisi isiyohusika, mwaka unapita. Kijana anayejua mwenye barabara ni nani ameshafanya nusu ya kazi.

Kwamba vitu vidogo hivi huokoa watu, Dar es Salaam ni ushahidi. Shirika la Amend lilipita shule zilizo kando ya barabara, likaweka matuta, njia za miguu na vivuko, na pengine likahamisha lango la shule litazame upande wenye usalama. Utafiti uliolinganisha shule hizo na nyingine uliona majeraha ya watoto yamepungua kwa asilimia 26, na mwaka 2019 mradi huo ukatwaa tuzo ya kwanza ya WRI Ross kwa miji. Kenya nzima, barabara huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu.

Kwa hiyo wenyeji wa Garissa, Wajir na Mandera, mkiitwa kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti, msiishie kuomba lami. Ulizeni kivuko kitakuwa wapi, kina kisiwa au hakina, na ni nani aliyesimama pale kuhesabu watu.